Tupeane uzoefu: kifaa cha kahawa ya kikombe kimoja nyumbani, wewe ulichagua kipi?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Nyumbani kwetu wote ni watu wa chai. Chai ya maziwa ikishachemka alfajiri kila mtu ametosheka, na kahawa ninabaki nayo peke yangu. Kuchemsha sufuria kwa ajili ya mtu mmoja ni hasara, na kahawa ikilala kwenye chupa ya chai mpaka saa nne inageuka ladha kabisa. Natafuta kifaa cha kunipa kikombe kimoja kizuri kabla sijatoka kwenda kazini.

Madukani nimeona mashine za kapsuli (vile vikopo vidogo vilivyofungwa na kahawa ndani), mashine za kuweka unga, na vile vibirika vya Kiitaliano vya kubandika jikoni. Bei naiona mwenyewe. Ninachotaka kujua ni maisha ya kifaa baada ya kukizoea: kinakula kahawa gani, kinasumbua wapi, kikiharibika kinatengenezeka?

Nina sharti moja tu, kahawa yetu ikubali kuingia. Arabika tunalima Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, robusta ipo Kagera. Sitaki kununua kitu kitakachonilazimisha kunywa kahawa iliyofungwa nje wakati nzuri inatoka hapa hapa. Aliyetumia chochote atusimulie.

Mdau, Moshi

Sharti lako ndilo la kuanza nalo, dada. Watu wengi huanza na mashine, halafu ndipo wanauliza kahawa.

Mimi nimekulia kwenye kihamba, kahawa chini ya migomba. Wazee wetu waliuza buni kwenye ushirika, KNCU ipo tangu 1933, lakini kikombe cha nyumbani kilikuwa cha chai. Kwa hiyo kuinywa kahawa ya kwetu nimejifunza ukubwani, na nimejifunza kwa AeroPress. Ni bomba la plastiki lenye mchi wake, lilibuniwa na Mmarekani Alan Adler na kuanza kuuzwa 2005. Halina waya. Unachemsha maji kwenye birika lolote, unaweka gramu 15 za kahawa, unamimina maji, unakoroga, unasubiri kama dakika moja na nusu, kisha unasukuma polepole kwa kiganja. Machicha yanatoka yamekauka, unayatupa kwenye migomba, unasuuza, basi. Umeme ukikatika naweka birika kwenye gesi na kahawa nainywa.

Maji yakishachemka yaache yatulie kidogo kabla ya kumimina. Joto la nyuzi 90 hadi 96 linatosha. Ukiona kahawa kali mno mdomoni, jaribu kupunguza joto au kusaga nene zaidi kabla hujailaumu buni.

Kasoro yake ni karatasi za kuchujia, ambazo dukani kwetu huzipati kila siku. Mimi nasuuza karatasi moja na kuirudia mara kadhaa, haina shida. Ipo pia chujio ya chuma ya kudumu.

Fundi, Temeke

Naomba niingie upande wa ufundi, maana mashine hizi naletewa mezani.

Kuna kosa moja linaua mashine nyingi kuliko yote, nalo ni volti. Ndugu yuko Marekani, anatuma zawadi, mashine ya volti 120. Huku umeme wetu ni 230. Mtu ananunua adapta ya plagi akidhani kazi imekwisha. Adapta inabadilisha umbo la miguu tu, umeme unaopita ni ule ule. Hita iliyotengenezwa kwa wati 1,400 kwenye volti 120 ukiiweka kwenye 230 itataka kuvuta zaidi ya wati 5,000, kwa sababu nguvu inapanda kwa mraba wa volti. Plagi yetu ya fyuzi ya ampea 13 haifiki hata 3,000. Fyuzi ikikata mapema umepona. Isipokata, inakwenda fyuzi ya joto ya ndani, hita, na mara nyingi bodi.

Unaweza kutumia transfoma ya kushusha, lakini iwe ya wati 2,000 au zaidi, na hiyo ni chuma kizito chenye bei yake. Vile vidogo vya kuchajia simu haviwezi hita. Geuza mashine usome kibandiko cha chini kabla ya kulipa au kabla ya kumwambia ndugu yako atume. Kikisema 220-240V, 50Hz, endelea.

La pili ni maji. Hapa Dar wengi tunatumia maji ya kisima. Yale maganda meupe unayoyaona chini ya birika yanajijenga vile vile ndani ya bomba la mashine, ambako huyaoni. Kahawa inaanza kutoka kidogo kidogo, pampu inanguruma, watu wanasema mashine mbovu, kumbe imezibwa. Pitisha maji yenye asidi ya limao ile ya unga, au siki iliyochanganywa na maji, halafu pitisha maji matupu mara kadhaa mpaka harufu iishe. Ukitumia maji ya chupa au yaliyochujwa vizuri, utachelewa sana kuniona.

Na LUKU wala isikutishe. Wati 1,400 kwa dakika tatu ni uniti 0.07. Gharama ya mashine iko kwenye kapsuli.

Mdau, Muscat

Salaam alaykum. Mimi niko Oman na familia, asili yetu Unguja. Huku mashine za kapsuli zimejaa majumbani, nami ninayo, ya Nespresso. Naisema bila kuificha: asubuhi ya kazi inanifaa sana. Unatia kapsuli, unabonyeza, kikombe kinajaa wakati unafunga vifungo vya kanzu. Wageni wakija ni habari nyingine, hapo inatoka dalla, lile birika la Kiarabu, na kahawa yenye iliki, na tende. Mashine haijachukua nafasi ya dalla na haitaichukua.

Anayetaka kapsuli ajue mambo mawili. Nespresso wana mifumo miwili isiyoingiliana. Ule wa zamani, kapsuli ndogo, hataza zake zilianza kuisha mwaka 2012, ndiyo maana leo kampuni nyingi zinatengeneza kapsuli zinazoingia humo, na zipo hata za chuma unazojaza unga mwenyewe. Ule wa Vertuo ulitoka 2014, kapsuli inazungushwa kwa kasi na mashine inasoma alama zilizochapwa ukingoni, kwa hiyo uchaguzi wako unakuwa mwembamba. Kwa mtu wa Dar ningesema mfumo wa zamani, bila kusita.

La pili ni hesabu. Kapsuli ndogo ina gramu 5 au 6 hivi za kahawa. Boksi la kapsuli kumi ni gramu 50 na ushei. Chukua bei ya boksi, zidisha kwa tano, linganisha na bei ya robo kilo ya kahawa ya Moshi. Ukiridhika na tofauti, nunua.

Volti na plagi ya hapa ni kama za huko kwetu, miguu mitatu bapa, volti 240, kwa hiyo mashine ya huku inaenda nyumbani bila transfoma.

Mdau, Mombasa

Mimi ni wa kahawa chungu. Jioni natoka, muuza kahawa yuko na dele lake juu ya makaa, vikombe vinagongana, kashata pembeni. Sasa nyumbani nilitaka kitu chenye ukali wa namna ile, na nilichopata karibu kabisa ni kile kibirika cha Kiitaliano, moka. Alfonso Bialetti ndiye alikitoa mwaka 1933, na umbo halijabadilika hadi leo: maji chini, unga katikati, mvuke unasukuma maji yapande, kahawa inajaa juu. Hakina umeme, hakina kapsuli, kipira kikichoka unabadilisha.

Kwa mtu mmoja nunua saizi ya kikombe kimoja. Nalisisitiza hili kwa sababu wauzaji hukupa cha vikombe vitatu wakikuambia utatia nusu. Moka haipendi nusu. Kile kikapu cha unga lazima kijae, usikishindilie, na maji yaishie chini ya valvu. Cha kikombe kimoja kinatoa kidogo, kama mililita 50, lakini ni kali, ukiiongeza maji ya moto unapata kikombe cha kawaida.

Kwenye jiko la gesi kibirika hicho kidogo hakikai, kinaanguka kati ya vyuma. Tafuta kile kichuma cha msalaba cha kuweka juu ya jiko. Moto mdogo kabisa, na ukisikia inaanza kukoroma, ipua. Ukiiacha iendelee inaungua.

Iliki na tangawizi nazitia kikombeni au kwenye maji ya moto ya kuongezea, kikapuni sitii. Unga laini wa tangawizi huziba chujio, na ukiziba mvuke hauna pa kutokea. Valvu ipo kwa ajili hiyo, lakini sioni haja ya kuijaribu.

Ukipata robusta ya Bukoba tia humo. Robusta ina kafeini kama mara mbili ya arabika, utaamka.

Muuguzi, Mwanza

Naongeza jambo la afya kwa sababu sijaona aliyeligusa. Kahawa ina mafuta yanayoitwa kafestoli, na mafuta haya hupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Kahawa ya kuchemsha na machicha yake inayo kwa wingi, na ile ya presi ya Kifaransa vile vile. Karatasi ya kuchujia inayashika karibu yote. Kwa hiyo anayekunywa vikombe vingi kwa siku na vipimo vyake vya lehemu viko juu, achague kifaa cha karatasi: AeroPress, au hata kile cha bei nafuu kuliko vyote, koni ya kuweka juu ya kikombe. Karatasi hizo zilianzia kwa mama wa Kijerumani, Melitta Bentz wa Dresden, mwaka 1908, aliyechukua karatasi ya kukaushia wino ya daftari la mwanawe. Mimi natumia koni ya plastiki zamu za usiku. Inaingia mkobani na maji ya moto wodini yapo.

Mdau, Nairobi

Nimesoma wote wakisifu vya mkono, na nakubali kwa mtu mzima mwenye nguvu. Lakini mama yangu ana baridi yabisi ya vidole. Kusukuma bomba hawezi, kufungua moka iliyokazwa hawezi, kubeba birika la maji yanayochemka naogopa. Tulimnunulia mashine ya kapsuli yenye kishikio kirefu na kitufe kimoja. Tangi la maji tunalijaza sisi usiku. Sasa anajitengenezea kahawa yake mwenyewe asubuhi, na kwa mtu aliyekuwa akingoja watoto waamke ndipo anywe, hilo lina uzito wake. Gharama ya kapsuli tunagawana ndugu. Kwa hiyo mkipima, pimeni pia mikono ya mtumiaji.

Mdau, Minneapolis

Huku mashine ya kikombe kimoja ya Keurig ndiyo kila nyumba. Walianza na za ofisini 1998, za nyumbani zikaja 2004. Vikombe vyake vya plastiki ni vya kutupa, na taka zake zilinikera. Kipo kikombe cha kujaza mwenyewe, unaosha na kurudia, nami ndicho ninachotumia kwa kahawa wanayonibebea wageni kutoka Tanzania. Siri ni kuchagua kipimo kidogo cha maji, wakia 6 au 8 (kama mililita 180 au 240). Ukibonyeza 10 inatoka maji ya rangi. Saga wastani, ikiwa laini sana inafurika pembeni.

Namuunga mkono fundi kwa herufi kubwa. Mnaotaka kutuma nyumbani, msitume ya huku. Weka ile pesa kwenye simu ya ndugu yako anunue ya volti 230 huko huko.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Nawashukuru sana, nimesoma mpaka mwisho na kurudia. Mashine ya umeme naiacha. Maji yetu ni ya kisima, umeme wa asubuhi siutegemei, na hesabu ya kapsuli niliifanya: kwa bei za duka la karibu nami boksi tano zinazidi robo kilo kwa mbali. Nimebaki kati ya AeroPress na koni ya karatasi. Moka nitaipata siku moja kwa ajili ya robusta.

Mdau wa Moshi, nimebaki na swali. Kahawa ninunue iliyosagwa au punje? Na nikinunua punje, blenda ya nyumbani inatosha?

Mdau, Moshi

Punje, kama unaweza. Ikishasagwa harufu inaondoka haraka. Nunua robo kilo kwa robo kilo, angalia tarehe ya kukaangwa kwenye mfuko, funga vizuri, weka kabatini mbali na jiko.

Blenda inakata ovyo, nyingine vumbi nyingine mapande, na ile iliyosagia pilipili usiifikirie kabisa. Tafuta kinu kidogo cha mkono chenye meno ya kusaga, unazungusha dakika moja kwa gramu 15. Ukiona fedha haitoshi vyote viwili, nunua kinu kizuri na koni ya plastiki, AeroPress itafuata. Kwa koni saga kama chumvi ya mezani au nene kidogo kuliko hapo, na maji mililita 240 kwa hizo gramu 15. Kabla ya kusaga pima kwa mizani ya jikoni kwanza, macho yanadanganya kwenye kahawa nyepesi na nzito.