Mtoto kapewa matone na sindano ya polio siku moja, naombeni ushauri

Mama Wawili: Wakuu, habari zenu. Mwanangu ana wiki 14. Jana kliniki kadondoshewa matone mawili ya polio mdomoni, akakunja uso, mengine yakamtoka pembeni. Hata hajanyamaza, kachomwa sindano pajani, nayo naambiwa ni ya polio! Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza. Mama mkwe anasema mtoto kazidishiwa dawa, safari ijayo nikatae matone. Sina amani.

Tabibu wa Zamu: Pole dada, hajazidishiwa. Kirusi cha polio huingia kwa mdomo na kuzaliana utumboni. Kwa wachache hupenya hadi kwenye mishipa ya fahamu. Sindano ina virusi vilivyouawa, inajaza kingamwili kwenye damu ili mtoto asipooze. Ila utumbo unabaki karibu wazi: anaweza kukibeba kirusi, mwenyewe mzima kabisa, kikatoka na choo na kumpata mwenzake. Matone ni virusi hai vilivyodhoofishwa, vinapita njia ileile ya ugonjwa. Ukuta wa utumbo ukivipokea hutengeneza kingamwili za IgA, zinazomiminwa kwenye ute wenyewe. Adui anakutwa mlangoni.

Israeli walitumia sindano peke yake tangu 2005. Mwaka 2013 kirusi kikakutwa kwenye maji taka yao. Hakuna aliyepooza, lakini kilikuwa kinazunguka, ikabidi watoto wapewe matone.

Mdadisi: Mkuu, si wawape matone peke yake basi, bila sindano?

Tabibu wa Zamu: Tangu Aprili 2016 matone ya kawaida hayana aina ya pili ya kirusi, sindano ina zote tatu. Halafu, penye watoto wengi wasiochanjwa, kirusi cha matone kikizunguka muda mrefu kinaweza kurudiwa na nguvu. Na hili napenda sana kulieleza: utumbo uliokwisha kuonja matone ukifuatiwa na sindano, kumbukumbu yake huamka na kinga ya humo hupanda. Ambaye hajawahi kupata matone, sindano haimfanyii hivyo.

Bibi Mkunga: Mwanangu, akitema sema hapohapo, matone ya polio hurudiwa. Sasa rudi na kadi uwaeleze, wao wataamua.

Mama Wawili: Asanteni mno. Nimemsomea mama mkwe, kanyamaza kidogo kisha kaomba kadi ya mkubwa wake, wa miaka mitatu. Dozi ya mwisho ya matone haijajazwa. Kesho nakwenda nao wote wawili.