Herufi nene zenye mikia kwenye mabango ya huduma hapa Mwanza, zibaki au zipigwe marufuku?

Mleta mada: Wakuu tulijadili hili bila matusi. Ukianzia Makoroboi mpaka Mlango Mmoja maduka kibao jina limeandikwa kwa ile herufi iliyovimba yenye mikia ya mviringo (vile vijipande vya mwisho wa mistari ya herufi), inaitwa Cooper Black, na kwenye jina la duka siigombi maana ndo kazi yake, Oswald Cooper wa Chicago aliitoa 1922 kwa ajili ya matangazo, mwenyewe alitania kwamba ni ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Tatizo ni pale inapopelekwa kwenye ubao wa nauli, ratiba ya kivuko, maelekezo ya zahanati. Tundu la e na la a ni dogo mno, ukiipunguza wino unaziba, 6 na 8 zinakuwa mapacha, mzee wa watu anasimama pale hajui ni mia sita au mia nane. Nasema halmashauri izuie kwenye mabango ya huduma za umma, basi.

Fundi brashi, Mwaloni: Kaka unaionea. Mimi naandika majina ya mitumbwi, jua na maji vinakula rangi, mstari mwembamba ndo unatangulia kuondoka, mnene unabaki. Na afadhali Cooper imenenepa kote, kuna zile za aina ya Bodoni nene, mstari mmoja gogo mwingine uzi, ukirudi nyuma hatua kadhaa uzi huuoni. Kama ni marufuku anzeni na hizo.

Mleta mada: Mtumbwi sawa mkuu, maneno mawili, herufi urefu wa mkono. Mimi naongelea vituo kumi na kitu na nauli zake kwenye karatasi ya A4.

Dada wa steshenari, Buzuruga: Mnamsema dizaina wakati mteja ndo anakuja na "niwekee ile nene ya heshima", tena zote kubwa, njano juu ya nyekundu, ukimwekea ya kawaida anaona umemla hela. Halafu hiyo marufuku ataisimamia nani, afisa atazunguka na rula?? Mwisho wake faini kwa mama lishe.

Mleta mada: Mama lishe hayumo jamani, someni kwanza.

Mpita njia: Hizo nene za gogo na uzi zilishika London mwanzoni mwa karne ya 19, mtengeneza herufi Robert Thorne na wenzake, mabango ya bahati nasibu yakajaa, wachapaji wakazikejeli weee na bado zipo. Marufuku haitafanya kitu. Neno NAULI juu liwe nene, namba chini ziwe za herufi zisizo na mikia, kwani kuna ugumu gani?

Fundi brashi, Mwaloni: Maneno tu hayo. Leteni ubao, nauli zile zile niziandike nusu kwa nene nusu kwa hizo zenu, tuupeleke stendi ya Nyegezi wazee wenyewe wasome.

Mleta mada: Nimekubali. Rangi inatoka kwa nani?