Filamu bubu ya Sherlock Holmes (1916): ni kweli ilipotea moja kwa moja?

Mpiga_Pazia: Wakuu, habari za humu. Kikundi chetu tunaandaa tamthilia ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini, ile ya mwigizaji William Gillette ya 1899. Kitabu kimoja cha zamani kinasema Gillette mwenyewe aliicheza kwenye filamu mwaka 1916, ikapotea, haikubaki hata nakala moja. Kuna mwenye habari zaidi? Na tamthilia yenye maneno mengi vile, kwenye filamu bubu waliichezaje?

Kidawa: Kitabu chako kimepitwa na wakati, mdogo wangu. Ilipatikana 2014 Paris, kwenye Cinémathèque Française, hazina ya filamu za zamani. Walioitengeneza ni Essanay, kampuni ya filamu ya Chicago. Huko Ufaransa iliingia 1920 ikiwa imegawanywa sehemu nne, na negativu (utepe wa kutolea nakala) iliyopatikana ni hiyo, maandishi yote Kifaransa. Ilisafishwa ikaonyeshwa tena 2015. Nimeitazama.

Swali lako la pili ndilo tamu. Gillette alikuwa ameshamcheza Holmes jukwaani miaka mingi, kwa hiyo hahangaiki. Anasimama tuli, macho ndiyo yanafanya kazi. Tazama chumba cha gesi: wahuni wamemzingira, anaivunja taa, giza. Wote wanaukimbilia moto wa sigara unaowaka dirishani, kumbe kaiacha pale makusudi, yeye huyo mlangoni anatoka. Hapo maneno ya nini? Ila anapokutana na Moriarty, adui yake mkuu, duh, midomo inacheza na wewe unasubiri kibao cha maandishi. Panachosha.

Babu_Reli: Mie nashangaa filamu nzima inapoteaje! Na eti Chaplin, yule mchekeshaji, naye alikuwemo?

Kidawa: Shikamoo babu. Tepe za filamu enzi hizo zilikuwa za naitreti, aina ya plastiki, zinashika moto upesi na zikikaa vibaya zinaoza. Halafu sinema za sauti zilipoingia, hizi bubu zikaonekana takataka, nyingi zikatupwa. Chaplin kwenye filamu hii hayumo. Alikuwa kwenye tamthilia, Uingereza, akiwa kijana bado: alimcheza Billy, mtumishi wa Holmes, na 1905 alipanda jukwaa moja na Gillette huko London.

Mpiga_Pazia: Ahsante sana dada. Sasa hiyo sigara, ukumbi wetu hawaruhusu moto kabisa.

Kidawa: Chukua kibalbu chekundu cha tochi, kibandike dirishani mapema. Taa zote zizimwe kwa mpigo. Na hao wahuni waambie wasiharakishe kugeuka, watazamaji wacheke kwanza.