Msaada: hazina ya joka tugawe mafungu manne au matano?

Mwana_wa_Langoni
Wadau, asalaam aleikum. Naomba ushauri wa haraka, kundi linakutana Ijumaa baada ya isha hapa Lamu. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, toleo la 5, kanuni za 2014, wahusika wote ngazi ya 6. Tumemuua joka, na pangoni tumekuta sarafu 2,000 za dhahabu, 8,000 za fedha, 40 za platinamu, almasi moja ya thamani ya dhahabu 500, joho la kinga na chupa 3 za dawa ya kuponya. Mimi nasema mafungu manne, kuhani wetu anasema matano. Mwendesha mchezo katuachia wenyewe. Nani ana haki?

DaduPande20
Kabla ya mafungu, mzigo. Platinamu moja ni dhahabu 10, dhahabu moja ni fedha 10, kwa hiyo jumla ni dhahabu 3,200. Lakini sarafu 50 ni ratili moja, nanyi mna sarafu 10,040. Hizo ni ratili 200 na kitu. Mhusika mwenye nguvu 10 mwisho wake ni ratili 150, basi fedha hizo msimpe mtu mmoja. Mkifika mjini badilisheni zote ziwe platinamu 320, uzito unashuka hadi ratili sita na kidogo. Halafu ndiyo mgombane.

Mmalindi_Mkavu
Manne na matano ya nini? Gaweni kwa idadi yenu mwongeze fungu moja la kundi, kama fungu la chombo kwa wavuvi. Hilo ndilo linalonunua kamba, dawa, na kulipa mahekalu. Na chupa za dawa zisigawiwe kwa fungu: kila moja inarudisha uhai 4 hadi 10 tu, bei yake 50, si mali ya kugombewa. La muhimu ni nani anayezibeba. Moja akae nayo mtu asiye kuhani, maana kuhani akianguka nani atamnywesha?

BintiShela
Joho lipigwe mnada ndani ya kundi. Anayelitaka anataja bei kutoka fungu lake, akishinda bei hiyo inagawiwa wenzake. Mkiogopa mwenye pesa atanunua kila kitu, tumieni zamu: kila mtu anatupa dadu ya pande 20, wa juu anachagua kwanza, raundi ya pili mnarudi kinyume kuanzia wa mwisho. Ila joho ni kitu cha kichawi cha kufungamana na mvaaji, na mhusika ana nafasi 3 tu za kufungamana. Ambaye zake zimejaa asiruhusiwe kupandisha bei kwa ubishi.
Lakini kaka, mko wangapi? Kama mko wanne, hayo mafungu matano kuhani kayatoa wapi?

Mwana_wa_Langoni
Tulikuwa watano. Mwindaji alikufa raundi ya tatu, joka bado hai. Sasa maiti anakula fungu?

Msomi_wa_Mkomani
Subhanallah. Hata marehemu wa kweli mali yake ina utaratibu: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Nyinyi mnaruka yote mnafika kwenye mnada wa joho. Na huko kufufua wafu kwenyewe, hata kwa mchezo, mimi sikupendi.

Mkongwe_wa_Dadu
Watoto wa siku hizi mna raha. Mchezo ulipotoka 1974, dhahabu ndiyo iliyokupandisha ngazi: sarafu moja, pointi moja ya uzoefu. Mtu akinyimwa fungu alinyimwa na ngazi vilevile. Sasa joka likifa mnapata uzoefu bila kugusa sarafu, mnagombania nini?

DaduPande20
Mzee, turudi kwenye almasi. Almasi ya 500 ndiyo hasa inayotakiwa kumfufua aliyekufa si zaidi ya siku 10. Kuhani wa ngazi ya 6 hawezi, hilo ni la ngazi ya 9, lakini hekalu la mjini linaweza. Ile njia ya almasi ya 300 anaiweza, ila ni ndani ya dakika moja tangu kufa, na dakika hiyo imepita. Mwenye uzi, mnapanga kuifanyia nini?

Mwana_wa_Langoni
Kuiuza. Vito havipungui bei sokoni, ni 500 kamili. Nataka deraya kamili ya chuma, 1,500, inipe kinga 18. Mimi ndiye ninayesimama mbele kwa ajili yao wote. Nimeshamwambia mwendesha mchezo aniwekee.

BintiShela
Umeshaagiza, halafu waja kuomba ushauri! Mwenye mwindaji wake anasemaje?

Mwana_wa_Langoni
Hajui bado. Ni mwana wa ami yangu, kaenda Kiunga kuvua. Siku ile nilikuwa namtupia dadu mimi.

Mmalindi_Mkavu
Ahaa. Na ulimsimamisha wapi?

Mwana_wa_Langoni
Mlangoni mwa pango. Lazima mtu aliwahi joka lisitoke.

Mmalindi_Mkavu
Mwindaji mwenye upinde mrefu unaofika futi 150 bila taabu, umempeleka kwenye meno. Bwana, joka limepewa chakula.

MzeeWaKeram
Nyinyi mnajibu hewa. Lamu watu wanacheza keram na bao, huyu kayatoa wapi majoka? Na hesabu yake haikai. 3,200 kwa wanne ni 800. Ongeza almasi, tena yote achukue yeye, ni 1,300. Deraya 1,500. Hizo 200 zinatoka mbinguni? Uzi wa kutunga huu, kila mara anaongeza kipande watu wanapolala.

Kete_Moja
Nakubaliana na mzee. Joka, maiti, binamu aliye baharini, imekaa kitamthilia.

Mwana_wa_Langoni
Sikutunga. Hizo 200 zilikuwa mfukoni mwa mwindaji.

Msomi_wa_Mkomani
Innalillahi.

MzeeWaKeram
Basi naondoa neno langu. Mtu hatungi aibu ya namna hii.

DaduPande20
Sikiliza, kaka. Deraya ya mabamba inauzwa dhahabu 200 na inakupa kinga 17. Nguvu inayotakiwa ni ileile 15, na ni nyepesi kwa ratili 5. Hiyo pointi moja ya kinga ndiyo unayoilipia 1,300 zaidi, yaani pigo moja kati ya 20. Mafungu sita, moja la kundi: kila mtu 533, zinabaki 2. Nunua mabamba, unabaki na 333. Almasi iende hekaluni, na mfuko wa mwindaji urudi kwake na 200 zake. Ujira wa kuhani wa hekalu ulipwe na fungu la kundi. Mwambie mwendesha mchezo aifute ile deraya, hajakukabidhi bado.

BintiShela
Na kabla ya almasi kuguswa, mpigie simu mwenyewe. Roho isiyotaka kurudi hairudi; labda anataka mhusika mpya, na hapo fungu lake linakwenda kwa huyo mpya. Akikubali, ajue atarudi na pungufu ya 4 kwenye mapigo na kujikinga, inapona moja moja kila mapumziko marefu. Msimwingize vitani siku ya kwanza. Zimepita siku ngapi za mchezo?

Mwana_wa_Langoni
Sita. Mji uko mbele siku 3, naye tumemfunga juu ya nyumbu. Nikichelewa kumpata kwa simu je? Kiunga mtandao ni wa kubahatisha.

DaduPande20
Kuhani wenu wa ngazi ya 6 anayo dua ya kuhifadhi maiti, ya daraja la pili. Siku zilizo ndani ya dua hiyo hazihesabiwi kwenye zile 10, na dua yenyewe hudumu siku 10. Anahitaji chembe ya chumvi na sarafu ya shaba juu ya kila jicho, zisiondoke. Nyumbu asikimbizwe.

Mwana_wa_Langoni
Shaba hatukupata. Fedha haifai?

BintiShela
Shaba. Tazama kwenye mfuko wa marehemu, huo uliokuwa ukiuhesabu.

Mwana_wa_Langoni
Zimo saba.