Mjomba anasema biti ya laptopu si muziki, nimjibu vipi?

dogo_wa_mtoni:
Wakuu habari za jioni. Mimi nina laptopu ya mtumba, nimeweka FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, natengeneza biti za singeli hapa geto tunawauzia machalii wa mtaani wanaochana. Sasa mjomba wangu ni mtu wa dansi, kapiga gitaa la solo toka mimi sijazaliwa, kila akipita mlangoni anasema "hapo anayepiga ni kompyuta, wewe unabonyeza tu". Juzi kaniumbua mbele ya wageni. Nimekaa nikajiuliza labda kweli, maana zile ngoma sijapiga mimi nimezikuta mle ndani. Hivi kompyuta inamsaidia mtu kubuni au inabuni yenyewe halafu sisi tunajisifia? Nawasilisha.

mzee_wa_spidi:
Dogo mwambie mjomba apige mapigo 240 kwa dakika kigodoro kizima, ile sherehe ya mtaani ya kukesha, tuone mkono kama utabaki, hapo kila pigo ni robo sekunde hahaha. Singeli bila kompyuta isingekuwepo kabisa. Vijana wa uswahilini huku Manzese, Tandale walichukua taarabu, wakakata kile kipande cha kinanda ambacho mwimbaji kanyamaza, wakakizungusha wakakipandisha spidi. Na programu nyingi walizotumia ni za madijei, kazi yake kuunganisha nyimbo klabu, hakuna mahali imeandikwa "hapa tengeneza singeli". Halafu kuna kitu mjomba atakielewa vizuri maana ana sikio: ukiongeza spidi mara mbili sauti inapanda oktava nzima inakuwa ya katoto, kuna kitufe cha kuzuia hiyo, wengi tukakiacha makusudi kwa sababu ule ukatoto ndio utamu wenyewe. Hilo aliamua nani, laptopu? 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa Sounds of Sisso, kazi za studio moja tu ya uswahilini Dar, leo watu wanaitwa kupiga Ulaya.

Kinanda Kimoja:
Mi niko na mjomba kidogo, msinipige mawe. Tatizo si kompyuta tatizo ni uvivu, mtu anafungua pakiti ile ile ya sauti waliyonayo wenzake wote, ngoma zile zile, kiki ya besi ile ile, sneya ya mlio mkali ile ile, dakika kumi na tano kamaliza anaita biti, mi nikipanda bodaboda yenye redio natambua pakiti kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Dogo hebu sema ukweli, kwenye biti yako ya mwisho ulibadilisha nini?

mama_pindo:
Mimi si wa muziki, nachora kanga. Zamani pindo nilikuwa nachora kwa mkono upande mmoja halafu narudia na kurudia, siku nzima mgongo unauma. Sasa nachora kona moja, programu inageuza inapata zote nne, nikitaka kujaribu rangi najaribu ishirini kabla ya chai ya saa nne halafu natupa kumi na tisa. Kutupa ndio kazi yangu. Jina la kanga ndio kabisa, mteja anakuja na ugomvi wake na mke mwenzie anataka maneno yachome lakini asishitakiwe, hapo kompyuta imekaa kimya tu inaningoja 😂

Na mnaoimba mnajua Auto-Tune ilikotoka? Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa mtu wa hesabu za mawimbi ya ardhini, yale ya kutafutia mafuta. Ikatoka 1997, shabaha ilikuwa kunyoosha sauti iliyoteleza bila msikilizaji kushtuka. Wanamuziki wakavuta hadi mwisho makusudi, ndio ile sauti ya roboti mnayoisikia kila harusi.

dogo_wa_mtoni:
Asanteni wakuu. @Kinanda Kimoja umenipata, ya mwisho sikubadilisha kitu, nilipanga tu.

Mrejesho: jana nimemwomba mjomba aje na gitaa, nikamrekodi kwa simu sekunde kama nane hivi, nikaingiza kwenye laptopu nikaikimbiza mpaka mapigo 220 kwa dakika. Mwanzo alicheka, akasema hilo si gitaa hiyo ni nzige. Halafu akanyamaza akasema rudisha nyuma, pale pana noti nimekosea, unaweza kuitoa? Nikaitoa. Akasikiliza tena akasema hapana irudishe, ilikuwa nzuri pale. Tumekaa mpaka saa saba usiku, mama kaja kutuzimia taa.