Nimeshamsamehe, mbona usiku silali? Naombeni ushauri

Mtunza Funguo: Wakuu, habari za saa hizi. Ndugu yangu alinikosea, tena vibaya. Juzi kaja kuomba msamaha, nikatamka "yameisha". Ila nikisikia sauti yake kifua kinabana. Hapo nimesamehe au najidanganya? Matusi sitaki.

Mzee wa Kona: Saba mara sabini, Mathayo 18:22. Kinyongo kinakumaliza wewe, si yeye. Mke wangu wa kwanza aliondoka na kila kitu hadi mapazia, leo tunapigiana simu sikukuu.

Kisu Butu: Hadi mapazia? Mzee, ulimfanya nini?

Binti Sauda: Mleta uzi, alikukosea nini hasa?

Mtunza Funguo: Mambo ya kifamilia tu.

Binti Sauda: Basi na ushauri utakuwa wa kifamilia tu.

Mtunza Funguo: Haya. Aliuza kiwanja alichotuachia baba, akaghushi saini yangu. Nililikuta daftari alilofanyia mazoezi. Ukurasa mzima jina langu: juu mkia wa herufi ya mwisho umekaa ovyo, kadiri unavyoshuka unazidi kuwa wangu. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Hoja Nzito: Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, ile ya Askofu Tutu iliyoanza kusikiliza watu 1996, ilitoa msamaha wa kisheria kwa makosa ya kisiasa, kwa aliyeeleza ukweli wote. Kujuta halikuwa sharti. Walioomba walizidi 7,000, waliopewa ni wachache. Kwa hiyo kufutiwa kesi na kusamehewa moyoni ni vitu viwili. Kesi yenu imefikia wapi?

Mtunza Funguo: Naifuta. Jumatatu tunaandikishiana kwa wakili, ananipa nusu ya hela. Msinielewe vibaya, yule ni damu yangu, na watoto wanadaiwa ada.

Binti Sauda: Kumbe! Hapo umeuza kesi, hujasamehe. Si dhambi, ila usivichanganye. Kwetu Waislamu haki ya mja hairuki kwa toba tupu: airudishe, au mwenyewe umwachie kwa ridhaa. Una ridhaa au una shida?

Mpita Njia: Chai hii. Kwenye uzi wa mirathi uliandika wewe ni mtoto wa pekee. Leo ndugu katoka wapi?

Kisu Butu: Jamani sukari!

Mzee wa Kona: Yaani nimeanika ndoa yangu kwa hadithi ya kutunga?

Mtunza Funguo: Wa pekee kwa mama yangu. Huyu ni wa mama mwingine, tumelelewa nyumba moja.

Mpita Njia: Wapika chai hamkosi jibu.

Hoja Nzito: Iwe chai, iwe maji. Hiyo karatasi inasemaje kuhusu nusu iliyobaki?

Mtunza Funguo: Kwamba sina madai mengine yoyote, sasa wala baadaye.

Binti Sauda: Nani kaiandaa?

Mtunza Funguo: Wakili wake. Alikuja nayo imeshachapwa, siku ileile ya kuomba msamaha.