Naomba ushauri: mapambo ya Krismasi ya kutengeneza nyumbani

Habari zenu wapendwa. Mwaka huu nataka tupambe sebule kwa kazi ya mikono yetu, watoto washiriki, badala ya kununua mapambo ya plastiki. Tunaishi Dar es Salaam, kwa hiyo mti wetu utakuwa tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, kama nilivyozoea kwa wazazi. Nyota nitasuka kwa ukindu uliotiwa rangi, ule wa mikeka. Ukiulowesha kidogo unalainika na haukatiki kwenye kona.

Kinachonisumbua zaidi ni joto la Desemba. Tawi likishakatwa, baada ya siku chache linaanza kupukutika. Je, kumwagilia mchanga kila asubuhi kunasaidia, au afadhali nilikate siku ya mkesha? Halafu kuna minyororo ya karatasi. Gundi ya uji wa ngano ni rahisi na salama kwa watoto, ila mende na sisimizi wanaipenda mno. Kuna anayetia kitu wakaiacha?

Mishumaa sitaki kabisa karibu na majani makavu. Lakini mwanga nautamani, hata wa vitaa vya betri ndani ya chupa. Aliyewahi kufanya anielekeze, tafadhali.